Jino la Kaure Halibadiliki Rangi



Nilikuwa Mapera kuangalia mibuni. Mzee mmoja akanivuta kando, akafungua mdomo.

"Bwana shamba, wewe unaijua kahawa. Kwa nini imepaka meno yangu yote, ikaacha hili moja?"

Nikatazama. Meno yake ya mbele yalikuwa ya kahawia. Moja tu lilikuwa jeupe. Lilikuwa jino la bandia. Aliliweka mjini baada ya kuuza kahawa, na fedha alizotoa si kidogo. Sasa wajukuu wanamcheka. Kwa hiyo alikuwa ameanza kulisugua kwa mchanga na majivu ili lifanane na mengine.

Nilimwambia aache siku ile ile.

Jino lile ni la kaure. Kaure ni unga wa mawe uliochomwa kwa moto mkali, kama vikombe vyeupe vya dukani. Sasa wewe tazama vikombe vya nyumbani kwako. Kikombe cha plastiki ukikinywea chai kila siku, ndani huwa cheusi, na sabuni haisaidii. Plastiki hunyonya maji pamoja na rangi. Kikombe cha kaure ukikiosha kinatakata. Juu yake kuna utando mwembamba, mgumu na laini kama kioo. Rangi haipati mahali pa kushika.

Meno ya bandia ni hivyo hivyo. Ya plastiki hubadilika rangi. Ya kaure hukaa.

Jambo hili lilijulikana zamani. Huko Ufaransa, karibu mwaka 1774, mtengeneza dawa aliyeitwa Alexis Duchâteau alikuwa na meno ya bandia yaliyochongwa kwa meno ya kiboko. Ndiyo, kiboko kama wa ziwani kwetu. Kila siku alionja dawa zake, na meno yale yakanyonya rangi na harufu. Akaona vyombo vyake vya kaure havinuki. Akaenda kiwandani, akaomba atengenezewe meno ya kaure. Ya kwanza yalisinyaa motoni, kama chungu kinavyosinyaa. Baadaye yakafaa.

Na rangi ya jino la kaure inatoka wapi? Imo ndani yake. Unga huchanganywa na kutu za madini, kisha huchomwa. Fikiri tofali la kuchoma. Wekundu wake ni wa chuma kilichomo katika udongo, na mvua hainyeshi ikauondoa. Kwa hiyo jino la kaure halitiwi weusi na kahawa, wala halifanywi jeupe kwa dawa. Rangi uliyochagua siku ile ndiyo utakayokaa nayo.

Hapo ndipo mzee wetu alipokosea. Alichaguliwa rangi inayomfaa, lakini baadaye hakuyatunza meno yake ya asili. Chai na kahawa zikayapaka. (Sisi Mbinga tunalima kahawa, lakini wengi tunakunywa chai. Nayo hupaka vile vile.)

Mchanga ungemletea hasara mbili. Ungekwaruza ule utando wa kioo, na jino likishakwaruzwa hushika uchafu kama kikombe kikuukuu. Tena jino la kaure lililo na mikwaruzo hula jino la asili linalogongana nalo, kama tupa.

Wewe ukitaka kuweka jino la namna hii, mwombe mganga wa meno asafishe kwanza meno mengine. Ndipo mchague rangi, tena mchana, karibu na dirisha. Mchague mapema, meno yakiwa na mate. Jino likikauka huonekana jeupe kuliko lilivyo. Nyumbani tumia mswaki laini na dawa ya meno ya kawaida. Ukimaliza chai, sukutua kwa maji. Pale jino linapokutana na ufizi pana gundi, na gundi huweza kuwa nyeusi, kwa hiyo safisha hapo vizuri.

Mzee ameacha mchanga. Atakwenda hospitali ya wilaya kusafishwa yale meno mengine, yalifuate lile jeupe.