Risala ya Wazazi wa Watoto Wenye Sistiki Fibrosisi Kuhusu Usalama wa Figo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa Waganga Wakuu,
Mabibi na Mabwana,

Tunakushukuru kwa kukubali kutusikiliza. Watoto wetu wana makohozi mazito yanayofuga vijidudu kifuani. Kifua kinapochafuka hulazwa, mara nyingi kwa wiki mbili, wakichomwa sindano za jentamaisini au tobramaisini. Sindano hizo zimewaokoa, wala hatuzikatai. Lakini dawa hizi hujikusanya ndani ya figo, na madhara yake huweza kuongezeka kila tiba inaporudiwa. Kwa heshima, tunawasilisha kero zetu.

1. Watoto huanzishiwa dawa bila kupimwa figo. Tena, mtoto aliyekonda huwa na kiwango cha chini cha kreatinini, taka ya damu inayopimwa kujua hali ya figo, hivyo majibu huweza kuonekana mazuri ilhali figo zimeanza kuumia. Tunaomba kila mtoto apimwe kabla ya sindano ya kwanza na tiba ikiendelea, na majibu yalinganishwe na yake ya awali.

2. Wapo wanaochomwa mara tatu kwa siku. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa tobramaisini mara moja kwa siku hutibu sawa na mara tatu, na kwa watoto ilikuwa salama zaidi kwa figo. Tunaomba dozi moja kwa siku iwe utaratibu wa kawaida.

3. Kipimo cha kiwango cha dawa kwenye damu hupelekwa mbali kwa gharama zetu, na majibu hurudi tiba imekwisha. Tunaomba maabara zetu ziwezeshwe kukifanya hapa hapa.

4. Watoto hawa hupoteza chumvi nyingi kwa jasho, na wodi zenye joto huwakausha maji upesi. Homa ikipanda, huongezewa ibuprofeni, nayo huzielemea figo. Tunaomba mwongozo wa maji, chumvi na dawa za kuepukwa ubandikwe kila wodi.

5. Mafaili hupotea. Mama mmoja miongoni mwetu hutunza daftari la shule ambamo ameandika kila dawa, dozi na tarehe. Ndilo analolitegemea daktari mgeni. Tunaomba kadi rasmi ya tiba imfuate mtoto kila anapolazwa.

Mheshimiwa, tumevumilia kwa kuwa tuliogopa kuonekana wasio na shukrani. Haya yote tunayoomba yamo ndani ya uwezo wako, na tuna imani utayatekeleza.

Tunaomba kuwasilisha.

Wazazi na Walezi