Katalogi si hati ya kuzaliwa

Mwandishi anayedai kwamba mtunzi wa Kisanskriti hujulikana kwa kufungua katalogi ya miswada tu, amempa mnakili kiti cha hakimu. Theodor Aufrecht, aliyetoa Catalogus Catalogorum huko Leipzig kwa sehemu tatu kati ya 1891 na 1903, alikusanya yaliyokuwa kwenye orodha za maktaba nyingi. Orodha hizo nazo mara nyingi zilitegemea maneno ambayo mnakili huyaweka mwishoni akimaliza kazi. Akikosea yeye, kosa lake linapanda hadi Leipzig na kuvaa joho la usomi.

Mchukue mwanafalsafa Shankara. Kazi zilizosajiliwa kwa jina lake ni mamia. Lakini wakuu wa vituo vya watawa vinavyojinasibisha naye huitwa Shankaracharya hadi leo, kwa hiyo kitabu cha mmoja wao huangukia kwa urahisi fungu la mwanzilishi. Mtafiti Paul Hacker alilazimika kuchunguza cheo kinachotajwa mwishoni mwa kila kazi, kisha akalinganisha istilahi za ndani. Katalogi zilimsaidia, sikatai. Hazikummalizia kazi.

Na jina lisipokuwapo kabisa? Tamthilia 13 za miswada ya Kerala, alizoanza kuzichapisha T. Ganapati Sastri huko Trivandrum mwaka 1912, hazikumtaja mtunzi. Alizihusisha na Bhasa, mtunzi wa kale wa tamthilia, kwa ushahidi wa nje, hasa wa mshairi Rajashekhara anayeitaja mojawapo, Svapnavasavadatta, kuwa ya Bhasa, na kuhusu nyingine wataalamu wangali wanabishana. Hapo mwenzetu angefungua ukurasa upi wa katalogi?