Tusiiache Miguu Kijiweni

Kingerikiti, huku wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga, ni nchi ya milima. Anayekwenda kwenye kahawa asubuhi hushuka bondeni, huvuka kijito na kupanda tena, jembe begani. Jioni hurudi na mzigo wa kuni au kikapu cha kahawa mbivu. Hakuna aliyemwambia afanye mazoezi; njia yenyewe ndiyo mazoezi.

Siku hizi bodaboda imefika, na imekuja na neema. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku hafiki zahanati kwa kutembea. Gunia la mahindi halifai kumvunja mtu mgongo, wala hakuna sifa katika binti kubeba ndoo ya maji kichwani kilomita nyingi. Hiyo ni taabu, na tuiondoe. Shida ni pale kijana mzima anapopanda pikipiki kwenda duka analoliona kwa macho.

Moyo ni msuli. Ukitembea kwa haraka, unasukuma damu kwa nguvu, mishipa inalegea, presha inashuka baadaye, na misuli ya miguu inatumia sukari iliyo katika damu. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alichapisha utafiti kuhusu mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kutwa, kondakta alipanda na kushuka ngazi, na makondakta ndio waliougua moyo kwa uchache. Hapa kwetu, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi walipopimwa, katika utafiti uliotoka 2017, walionekana kuutumikisha mwili zaidi ya saa mbili kwa siku, na dalili za hatari ya moyo kwao zilikuwa chache hata uzeeni.

Wapo watakaosema kwamba huenda mwenye afya ndiye anayetembea, si kutembea kunakoleta afya. Hoja hiyo ina uzito, na kutembea peke yake hakumkingi mtu na chumvi nyingi, sigara au pombe. Lakini ushahidi wa nchi nyingi unaelekea upande mmoja, na dawa hii haina bei.

Kiasi chake pia si cha kutisha. Hatua 10,000 zinazotajwa kila mahali zilitokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, si agizo la madaktari. Utafiti wa 2019 juu ya wanawake wazee wa Marekani ulionyesha kuwa waliotembea hatua 4,400 kwa siku walikufa kwa uchache kuliko waliotembea 2,700, na faida ilifikia kikomo karibu na hatua 7,500. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki, yaani dakika 22 hivi kila siku.

Presha si ugonjwa wa mjini tu. Utafiti wa kitaifa wa 2012 uliikuta kwa karibu robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64. Kwa hiyo halmashauri inapochonga barabara, iache njia ya waenda kwa miguu pembeni, ili mzee na mtoto watembee bila kuhofia pikipiki. Nasi tupime presha tukifika zahanati. Bodaboda ibaki kwa mgonjwa, mjamzito na gunia. Dukani, kanisani na kwa jirani, twende kwa miguu.