Mwili Nao Uulizwe

Makocha wa maisha wamefika hadi huku kwetu Ilomba. Wanakodi ukumbi Jumamosi, wanatoza kiingilio, halafu mchana kutwa wanatuhubiria kwamba kila kitu kiko kichwani: badili fikra, maisha yatabadilika. Mwili wanaukumbuka pale tu wanapotuamuru tusimame tupige makofi.

Napinga. Na nianze na mfano wao wenyewe, maana hawakosi kumtaja John Stephen Akhwari. Mwaka 1968 kule Mexico City, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, alianguka kwenye marathoni, akaumia goti, lakini akamaliza. Kwao hiyo ni hadithi ya akili kuushinda mwili. Wanaruka kipande kimoja: mguu ulifungwa bandeji kwanza. Alifika akichechemea, baada ya saa 3 na dakika 25, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Mtu huyo hakuupuuza mwili wake. Alikubaliana nao mwendo.

Sasa mchukue mama muuza nyanya wa Mwanjelwa. Kila akitaja mkopo anaotaka kuchukua, mabega yanakaza, sauti inakauka, mkono unakwenda tumboni. Kocha anamwambia mbele ya watu: hiyo ni hofu, ishinde! Nilikuwepo, nimesikia. Hakumuuliza analala vipi. Hakumuuliza tumbo lilianza lini kumsokota, na humsokota akiwaza nini. Sisemi kila tumbo linalouma ni unabii, mengine ni amiba tu. Ndiyo maana mtu huulizwa.

Tena mkopo wenyewe ni ule wa kausha damu. Walioupa jina hilo hawakuhudhuria semina yoyote, ila walijua unapiga wapi. Kiswahili chetu kimejaa maarifa hayo: tumbo joto, moyo kwenda mbio, kuishiwa nguvu. Kocha aliyekua akiisikia lugha hii anawezaje kumtazama mtu anayetetemeka akamwambia asijisikilize? Mtu huyo anauza kelele, na anawauzia wasio na akiba ya kulipia kosa.

Yule mama alisaini Jumatatu. Marejesho ni ya kila siku. Kocha alikwishapanda basi la Iringa, ana ukumbi mwingine huko.