Nembo yako ya Mirongo haivuki Sirari

Chukulia umepanga chumba Mirongo, una mashine ya kufungashia, dagaa unachukua Mwaloni, Kirumba. Pakiti ina jina lako na stika ya kuvutia, na cheti cha BRELA umekitundika ukutani. Mzigo umeanza kupita Sirari kwenda Kenya. Siku moja mteja wa Nairobi anakurushia picha WhatsApp: jina ni lako, rangi ni zako, lakini pakiti si yako.

Unamshtaki nani?

Kama hukusajili Kenya, huenda mwenye jina hilo kule ni huyo huyo aliyekuiga. Unaweza kwenda mahakamani kudai kuwa wateja walishakujua wewe kwanza, lakini kuthibitisha ni juu yako, kwa gharama zako, kwenye nchi ya watu.

Alama ya biashara husajiliwa nchi kwa nchi. Cheti cha BRELA kinakulinda Tanzania Bara, miaka 7 ya kwanza, kisha unahuisha kila miaka 10. Hata Zanzibar hakifiki, kule unasajili upya kwa BPRA. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo, pamoja na mazungumzo yote ya soko la pamoja, haina cheti kimoja cha nembo.

Na hapo nazungumzia alama ya biashara. Wengi wetu tunachosajili ni jina la biashara tu, lile la kufungulia akaunti benki na kukatia leseni. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na cha kwanza ndicho kinachokupa haki ya kumzuia mwingine.

Wanaocheka na jambo hili wakumbuke "Hakuna Matata". Disney iliomba kuisajili Marekani mwaka 1994, mwaka ilipotoa filamu ya The Lion King, na ikapewa usajili wa nguo mwaka 2003. Afrika Mashariki ilikuja kupiga kelele mwishoni mwa 2018, saini zikakusanywa mtandaoni kwa maelfu. Miaka 15 baadaye! Kweli, usajili huo haumzuii mtu kusema maneno hayo, unahusu kuuza fulana na mavazi. Lakini kwa mtu mwenye mzigo wa fulana, hiyo ndiyo habari yenyewe.

Kikoi kiliponea chupuchupu. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kumiliki neno "Kikoy" kama nembo. Wakenya na marafiki zao kule walipinga, wakapata mawakili wa kujitolea, na mwaka 2008 ombi likaachwa. Tofauti na Hakuna Matata ni muda tu: hawa waliwahi wakati ombi bado liko mezani.

Ethiopia ndiyo iliyocheza vizuri zaidi. Mwaka 2005 serikali yenyewe ilipeleka Marekani maombi ya majina ya kahawa yake, Sidamo, Harar na Yirgacheffe. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa cha kule kilipinga, mvutano ukamfikia Starbucks, na mwaka 2007 Starbucks ikakubali kutia saini makubaliano na Ethiopia. Sisi dagaa, sangara na kahawa ya Kagera tumeviachia wanunuzi wavipe majina.

Sasa mfungashaji wa Mirongo afanye nini? Njia nyepesi ya dunia ni mfumo wa Madrid: ombi moja, nchi nyingi. Kenya imo tangu 1998, Rwanda tangu 2013. Tanzania hadi 2024 ilikuwa haimo, kwa hiyo wafanyabiashara wetu hawakuweza kuitumia. Ipo Itifaki ya Banjul ya ARIPO, ambayo Tanzania na Uganda zimo, ila Kenya, Rwanda na Kongo hazimo. Tena sheria za ndani za baadhi ya wanachama hazijaendana nayo, ndiyo maana mawakili wengi hushauri upeleke ombi moja kwa moja: KIPI kwa Kenya, URSB kwa Uganda.

Unachotakiwa kuwa nacho macho ni miezi 6. Chini ya Mkataba wa Paris, ukishapeleka ombi BRELA una miezi 6 ya kuomba nchi nyingine wanachama, nao watakuhesabu tangu tarehe yako ya Mwanza. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimo. Aliyeomba Nairobi katikati ya muda huo anakuwa nyuma yako. Ukiupitisha, unapanga foleni kama wengine.

Halafu jina lenyewe. "Dagaa Mwanza" ni gumu kusajilika, linataja tu bidhaa na mahali ilikotoka. Samaki huyo huyo Kenya ni omena, Uganda ni mukene. Tafuta neno lisiloeleza bidhaa, na ulitumie kweli sokoni, maana nembo isiyotumika kwa miaka kadhaa inaweza kufutwa.

Huna pesa ya nchi tano? Anza na ile unayouza zaidi. Na ukimpata msambazaji huko nje akakwambia "bosi, niachie mimi nitakusajilia", mwulize ombi linaandikwa kwa jina la nani. Liwe lako, na mkataba useme hivyo kabla hujapakia gunia la kwanza.