Mfupa umeunga, lakini mgonjwa amepona?

SHANGAZI yangu wa Butiama alivunjika kifundo cha mguu mwaka jana alipoanguka na bodaboda. Alifungwa hogo, na lilipotolewa akapigwa picha ya eksirei Musoma mjini. Daktari akaitazama, akamwambia, "Mama, mfupa umeunga vizuri. Umepona." Shangazi akashukuru, akarudi nyumbani.

Nilipokwenda kumsalimia, akaninong'oneza: "Mwanangu, kuchuchumaa siwezi. Chooni nashika ukuta."

"Shangazi, mbona hukumwambia daktari?"

"Hakuniuliza."

Msomaji wangu, picha huonyesha mfupa. Haionyeshi mtu anavyoishi. Ndiyo maana mwaka 1984 madaktari wawili wa Sweden, Olerud na Molander, walitunga dodoso la waliovunjika kifundo cha mguu, lenye mambo tisa ambayo mgonjwa mwenyewe huyajibu: maumivu, kukakamaa, kuvimba, kupanda ngazi, kukimbia, kuruka, kuchuchumaa, kutegemea fimbo au magongo, na kazi za kila siku. Aliyepona kabisa hupata alama 100.

Lakini tazama zinavyogawanywa. Maumivu yana alama 25, ngazi 10, kuchuchumaa 5 tu. Nyumba ya shangazi haina ngazi hata moja, ila choo cha shimo, mafiga na palizi vyote vinataka magoti yakunjwe. Mtu anaweza kupata 95 na bado akateseka kila asubuhi.

Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, iliwahi kufanyiwa utafiti wa njia rahisi zaidi kwa waliovunjika mfupa wa paja: mgonjwa huombwa achuchumae na kutabasamu, kisha anapigwa picha. Akishuka hadi chini bila kushika kitu, uso nao ukiwa mkunjufu, ni dalili njema.

Kwa hiyo, uwe Musoma, Bunda au Butiama, usiende kliniki mikono mitupu. Andika kwenye daftari: Usiku nalala bila maumivu? Jioni mguu unavimba? Nachuchumaa? Nabeba ndoo ya maji? Jibu maswali hayohayo kila mwezi, kisha msomee daktari hata asipouliza. Mguu ukibaki umekakamaa, omba kupelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi tiba.

Shangazi alifanya hivyo, akaanzishiwa mazoezi. Juzi nilimpigia simu nikamuuliza habari za mguu. Akacheka: "Ukuta nimeuacha. Palizi bado."