Nguo Iliyopauka Isimzuie Mtu Ibadani

Wapendwa, iwe Kilosa au Mikumi, gauni la mtumba lililopauka lisimnyime mtu ibada. Kama ni la pamba, lifue vizuri, kisha litumbukize katika maji ya moto yenye rangi ya nguo na chumvi, ukiligeuzageuza ili rangi ienee. Poliesta haishiki rangi hiyo. Akina mama wanaojua kutengeneza batiki wawafundishe wengine. Lidia, muuza nguo za zambarau (Matendo 16), aliikaribisha Injili nyumbani mwake. Lakini Yakobo, sura ya 2, anatuonya tusimpe kiti kizuri mwenye mavazi mazuri huku tukimsimamisha maskini. Asiye hata na fedha ya rangi, aje alivyo. Tumpishe aketi.